Mchango Si Mkopo

Binamu yangu aliondoka Nakuru Jumatano moja ya Januari, saa kumi na moja alfajiri, fidla ikiwa mgongoni na sanduku moja mkononi. Shosho alisimama langoni na leso mabegani, akamwombea, kisha akauliza swali ambalo familia nzima ilikuwa inaliogopa: "Na hako kagitaa, kanaenda kufanya nini kwa Wajerumani?"

Lilikuwa swali la haki. Binamu haendi Ujerumani kupiga fidla. Anaenda kusomea uuguzi wa wazee, kazi ya kuwageuza, kuwaosha na kuwalisha watu ambao watoto wao hawana nafasi. Alikaa mwaka mzima akijifunza Kijerumani hapa mjini, akirudia maneno yale marefu ndani ya matatu mpaka makanga wakamzoea. Fidla ilikuwa tu kitu ambacho hangeweza kukiacha. Alipunguza nguo sandukuni, lakini hiyo haikuguswa.

Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, nikasikia lango linagongwa. Watoto saba wa hapa Free Area walikuwa wamesimama nje na fidla tatu kati yao. Kila Jumamosi kwa miaka miwili, binamu alikuwa akiwafundisha kwenye ua wetu, bure, chini ya kamba ya nguo. Katika haraka ya visa na tiketi hakuna aliyekumbuka kuwaambia.

"Mwalimu yuko?"

"Mwalimu ameenda majuu," nikasema.

Yule mdogo kuliko wote, msichana wa miaka kama minane, akanitazama bila wasiwasi wowote. "Atarudi saa ngapi?"

Nimeishi na swali hilo tangu siku hiyo. Hapo langoni sikuwa na jibu. Nilisema "baadaye kidogo", kama mtu anayemfukuza mdai. Kisha nikarudi kitandani na nikashindwa kulala.

Ninachotaka kuuliza hapa ni hiki. Mtu akilelewa na watu, akafundishwa na watu, akanunuliwa kifaa kwa pesa za watu, halafu kipaji kikaiva, ana haki ya kukibeba na kuondoka nacho? Na kama ana haki, anabaki na deni? Deni hilo linalipwa kwa nani, na kwa sarafu gani?

Sijifanyi hakimu asiye na kesi. Yangu nitaieleza mbele.

*

Nikaanza kumfikiria Ayub Ogada, kwa sababu wimbo wake ndio binamu alikuwa akiwafundisha watoto wale mwezi wa mwisho. Alikuwa ameuhamishia kwenye fidla: watoto wawili wanashika mwendo wa chini, mmoja anapanda juu na sauti ya mwimbaji.

Wengi wetu tunaujua wimbo kabla ya kumjua mwenyewe. Kothbiro, yaani mvua inakuja. Uko ndani ya filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Mwaka 2018 Kanye West alitoa wimbo uitwao Yikes, na chini ya mistari yake kuna kipande cha Kothbiro, ile ya zamani iliyorekodiwa na bendi ya Black Savage miaka ya sabini. Majina ya Ayub Ogada na James Mbarack Achieng yakaingia kwenye orodha ya watunzi. Mtandaoni siku hiyo tulishangilia kana kwamba tumefunga bao. Nakumbuka pia kwamba wengi wetu tulikuwa tunauliza, "Ogada ni nani?"

Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, jina lake Job Seda. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, na akiwa mtoto aliishi nao kwa muda Marekani, wakiimba nyimbo za Kiluo mbele ya watu wasiojua hata Nyanza iko upande gani. Kwa hivyo mtu huyu alihama kabla hajajua kuhama ni nini. Aliporudi na kukua alipita kwenye bendi za Nairobi, na mwaka 1979 akawa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band. Ukitazama filamu ya Out of Africa ya 1985 utamwona, na jina kwenye orodha ya waigizaji ni Job Seda. Baadaye akachagua kuitwa Ayub Ogada. Job na Ayub ni jina moja, fungua Biblia ya Kiingereza na ya Kiswahili uhakikishe. Kwa hivyo hakulitupa jina lake, alilihamisha tu likakae karibu zaidi na nyumbani.

Chombo chake kilikuwa nyatiti. Kwa wasioijua: ina nyuzi nane, inapigwa mtu akiwa ameketi chini kwenye kigoda, kidole gumba cha mguu kikiwa na pete ya chuma inayogonga fremu, na njuga mguuni. Mtu mmoja anakuwa bendi nzima. Ukiniuliza muziki wa kiklasiki wa nchi hii ni upi, siwezi kuanza na piano. Nitaanza na nyatiti, na orutu, ile fidla ya Wajaluo yenye uzi mmoja, na wandindi, dada yake kwa Wakikuyu. Ni muziki wenye shule yake, wenye miaka ya kukaa chini ya mwalimu, wenye miiko. Mwiko mmoja ulisema mwanamke haipigi nyatiti, mpaka Mjapani mmoja aliyekuja kuitwa Anyango akafunga safari, akakaa kijijini, akajifunza. Hata huo ni uhamiaji, isipokuwa ulielekea upande ambao hatujauzoea.

Mwaka 1986 Ogada alichukua nyatiti yake akaenda Uingereza. Fikiria picha hiyo vizuri. Mtu mwenye miaka thelathini, ameshacheza kwenye bendi kubwa za nchi yake, ameshaonekana kwenye filamu, sasa anapiga nyatiti kwenye njia za treni za chini ya ardhi London, watu wakipita kwa haraka, wengine wakitupa sarafu. Huko ndiko alikosikika, akapelekwa kwenye tamasha za WOMAD, na mwaka 1993 albamu ya En Mana Kuoyo ikatoka chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Aliimba Kijaluo. Angeweza kubadilisha lugha ili soko limwelewe haraka. Hakubadilisha.

Halafu akarudi. Miaka yake ya mwisho aliishi Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, na alifia huko tarehe 1 Februari 2019. Siku hiyo tuliweka picha yake kwenye simu zetu kwa saa ishirini na nne, kisha picha ikajifuta yenyewe kama zinavyofanya.

*

Kiswahili kina methali tatu kuhusu mtu kama huyu, na nimegundua tunazitumia kwa ujanja.

Ya kwanza: mwacha asili ni mtumwa. Hii tunampa anayeondoka. Ya pili: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hii tunampa pia anayeondoka, kama onyo lililofungwa kwa karatasi ya zawadi. Ya tatu: mcheza kwao hutunzwa. Hii nayo tunampa huyo huyo, tukimaanisha, ungebaki.

Lakini soma ya tatu tena polepole. Ina sehemu mbili. Anayecheza ana wajibu wa kucheza kwao. Sawa. Na kwao? Kwao kuna wajibu wa kumtunza. Methali haisemi "mcheza kwao huvumilia". Haisemi "mcheza kwao hulipwa kwa kupewa jukwaa ili ajulikane". Inasema hutunzwa. Ni mkataba wenye sahihi mbili, na sisi tumeufanya kuwa wa upande mmoja.

Binamu alipiga fidla kwenye harusi za mji huu kwa miaka minne. Nimebeba chombo chake mara nyingi, ninajua bei. Watu wanalipa hema, wanalipa keki, wanalipa mtu wa drone, halafu wakifika kwa mpiga fidla wanasema, "Si ni wimbo mmoja tu, mrembo, na utakula." Alikula pilau nyingi sana. Kodi haikulipwa kwa pilau. Siku aliyoanza kusoma Kijerumani, hakuna aliyemwita tena asili yake ni ipi. Walisema, "Angalau sasa unafikiria."

Kwa hivyo mtu akiniambia binamu ameisaliti Nakuru, naanza kwa kumuuliza Nakuru ilikuwa imetia sahihi wapi.

Jambo la deni halina upande mmoja popote duniani. Mwaka 1803 huko Vienna kulikuwa na mpiga fidla aliyeitwa George Bridgetower. Alizaliwa Poland mwaka 1778, babake akiwa mtu mweusi aliyesemekana kutoka Barbados. Akiwa na miaka kumi alishapiga mbele ya umati wa Paris, kisha akakulia London chini ya ulezi wa mwana wa mfalme. Tarehe 24 Mei mwaka huo wa 1803 alisimama na Beethoven mwenyewe kwenye piano, wakapiga sonata mpya ambayo wino wake ulikuwa bado haujakauka vizuri. Sehemu nyingine Bridgetower aliisoma moja kwa moja kutoka kwenye karatasi za mtunzi. Ilikuwa imeandikwa kwa ajili yake. Baadaye wakakosana, inasemekana kwa sababu ya maneno kuhusu mwanamke, na Beethoven akafuta jina lake akaitunuku sonata kwa Mfaransa Rodolphe Kreutzer, ambaye hakuwahi kuipiga mbele ya watu. Mpaka leo inaitwa Sonata ya Kreutzer. Bridgetower alitunga vitu vyake pia, akapata shahada ya muziki Cambridge mwaka 1811, na akafa London mwaka 1860 akiwa karibu amesahaulika.

Nimemleta hapa kwa sababu tunazungumza kana kwamba kuhama ni kuchota tu. Aliyehama amepewa, aliyehama amepata, aliyehama ameomoka. Bridgetower aliipa sonata ile mikono yake, na wenyeji wakala na kufuta jina. Nchi inayopokea nayo ina deni. Huko Ujerumani, mzee fulani atageuzwa kitandani na vidole vilivyofundishwa kushika upinde hapa Free Area. Je, nani atamwambia vilitoka wapi?

*

Kuna jibu rahisi ambalo nimelisikia kwa vijana wenzangu, na nililipenda kwa muda: hakuna deni lolote. Hukuomba kuzaliwa, hukuchagua mji, kipaji ni chako, nenda. Wanaopenda jibu hili hupenda kunionyesha ziwa letu. Heroe, wale ndege wa waridi ambao sote tunawaita flamingo, waliipa Nakuru sura yake kwenye kila kalenda. Miaka kumi na kitu iliyopita maji ya ziwa yakaanza kupanda, magadi yakapungua ukali, mwani wanaokula ukapungua, nao wakahamia Bogoria na kwingineko. Hakuna aliyewaita wasaliti. Chakula kimeisha, ndege ameruka, kwisha.

Ni hoja nzuri mpaka uwakumbuke wale watoto saba. Heroe hajawahi kumfundisha mtu Jumamosi. Heroe hakuchangiwa. Binamu alichangiwa: ile fidla ya mitumba ilinunuliwa na watu kumi na mmoja wa kundi la maombi la shosho, wengine wakitoa shilingi mia. Mwalimu wa sekondari aliyemfundisha kusoma noti alibaki naye baada ya saa za kazi, muhula baada ya muhula, kwa ajili ya Tamasha la Muziki. Mtu akishaingia kwenye mikono ya watu hivyo, hawezi kudai ameota kama uyoga.

Tofauti moja nitaikubali. Daktari akiondoka, mgonjwa anabaki wadini. Wimbo unaweza kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Kothbiro ilikuwa London na Kisumu siku hiyo hiyo, na hakuna aliyepungukiwa. Lakini mwalimu hawezi kuwa mahali pawili. Kwa hivyo hasara tuliyopata Jumamosi ile haikuwa muziki, ilikuwa mwalimu, na tukiliweka hivyo tunaona kwamba deni halihusu kipaji kabisa. Linahusu nafasi uliyokuwa umesimama ambayo sasa iko wazi.

Na tukumbuke kwamba nafasi zetu nyingine zimejazwa na waliohama kuja kwetu. Mmoja wa watu watano walioandaa wimbo wa taifa la Kenya mwaka 1963 alikuwa George Senoga-Zake, Mganda, mwalimu wa muziki aliyefanya maisha yake hapa na kuandika kitabu kizima kuhusu muziki wa jadi wa makabila ya Kenya. Waliuchukua wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, wakaufanya ule tunaousimamia wima. Kila tukisimama, tunasimama mbele ya kazi ya mama wa Pokomo na ya mhamiaji kutoka Uganda. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza Senoga-Zake kwa nini hakubaki kwao. Tulimpokea tukanyamaza. Mhamiaji ni msaliti akiondoka kwetu, na ni baraka akija kwetu. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba hasira yetu si ya maadili. Ni ya mtu aliyenyimwa kitu.

*

Sasa kesi yangu.

Mimi nilifanyiwa harambee. Nilipoitwa chuo kikuu, mathe aliita watu nyumbani, tukakodi viti, tukapika, na jioni tulihesabu elfu sitini na mbili na mia tatu. Mia tatu za mwisho zilitoka kwa mama anayeuza sukuma wiki karibu na stage ya Kaptembwo. Alizitoa kwenye leso, zikiwa zimekunjwa mara nne.

Nilisoma mihula mitatu, nikaacha. Ningependa kusema karo ilinishinda, watu husikia vizuri hivyo. Haikunishinda wakati huo. Niliacha kwa sababu nilikuwa nikikaa darasani nikiandika hadithi nyuma ya daftari la hesabu za biashara, na asubuhi moja sikuamka kwenda. Sehemu ya pesa za muhula wa nne nilinunulia kompyuta ya mitumba. Ndiyo hii ninayoandikia. Kwa miaka mitatu nilipita njia ya nyuma ili nisipite mbele ya meza ya yule mama. Nimenunua sukuma mbovu kwa watu wengine kwa sababu ya aibu.

Kwa hivyo, wakati jamaa walipokuwa wakimlaumu binamu kwamba ameondoka na mali ya watu, mimi nilinyamaza kwenye kona. Yeye angalau alikuwa amewafundisha watoto saba. Mimi sikuwa nimeondoka hata Nakuru, na bado nilikuwa nimekimbia na pesa.

Wiki mbili baada ya watoto kugonga lango, nilienda kwa yule mama. Alikuwa anakata sukuma, kile kisu kikienda chenyewe bila yeye kukitazama.

"Habari ya leo, Mama."

"Nzuri, kijana wangu. Umepotea."

"Mama, nilitaka kukwambia. Chuo niliacha. Zamani."

Kisu hakikusimama. "Najua. Huu mji ni mdogo."

"Zile pesa zako..."

Hapo ndipo alipokiweka kisu chini. "Zipi? Kwani nilikukopesha?"

"Hapana, ulinichangia."

"Haya. Mimi sikununua digrii yako, nilichanga. Angekuwa ni mkopo ningekuja kwa mamako mwezi uliofuata." Akanifungia sukuma ya ishirini ambayo sikuwa nimeomba. "Lakini mtoto wangu wa tatu alipolazwa mwaka jana, mamako alikuja. Wewe sikukuona. Hilo ndilo nimeweka hapa." Akagusa kifua.

Nilirudi nyumbani nikaomba mathe anionyeshe daftari. Kila familia unayoijua ina daftari hilo. Upande wa kushoto kuna majina na pesa walizotoa. Upande wa kulia kuna nafasi, na mathe ameijaza kwa miaka: *mazishi ya babake, 500. Hospitali, unga na 200. Harusi, nilipika.* Angalia kwamba hesabu hazilingani. Mtu alitoa elfu mbili, amerudishiwa kupikiwa. Mwingine alitoa mia, akapata elfu. Hakuna mstari ulioandikwa "imeisha". Nafasi pekee ambazo mathe aliwekea alama ya swali ni za watu ambao zamu ilifika, wakaitwa, hawakuja.

Nimekaa na daftari hilo nikaona kwamba tumekuwa tukitumia neno lisilo sahihi. Mkopo unamrudia aliyetoa, kwa kiasi kile kile, halafu mnaachana. Sadaka haimrudii mtu. Mchango ni kitu cha tatu. Unazunguka. Unaweza kumrudia aliyetoa au kumwendea mwingine, unaweza kurudi mdogo au mkubwa, na hauishi. Haukuombi ubaki. Haukuombi hata ufaulu. Unauliza jambo moja tu: zamu ya mwingine ikifika, utakuwepo?

Ukilitazama hivyo, anayeondoka hajavunja kitu kwa kuondoka. Ogada London, kwenye njia ya treni, bado alikuwa ndani ya duara kila alipofungua mdomo kwa Kijaluo, kwa sababu alikuwa akiwatajia wapita njia walioitengeneza sauti ile. Na aliyebaki hajalipa kitu kwa kubaki. Mimi nilibaki, dakika kumi kutoka kwa yule mama, na nilikuwa mbali kuliko Berlin.

Najua hatari ya wazo hili, kwa sababu nimeiona. Kuna familia zinazomgeuza mtu aliye majuu kuwa mashine ya pesa. Kila simu ni mabati, karo, meno ya mjomba. Hilo si mchango, ni ushuru, na mtu ana haki ya kuukataa. Duara linamfunga kila mmoja aliye ndani yake. Kama binamu anatakiwa kuwepo kwa zamu yetu, basi sisi tunatakiwa kuwepo kwa yake, na zamu yake ni sasa: Januari, giza saa kumi jioni, lugha inayomchosha, na kazi ambayo hajaizoea. Nilifungua ujumbe wangu wa kwanza kwake baada ya kufika. Nilikuwa nimeandika, "Umefika poa? Huko simu ni pesa ngapi?"

*

Nilimpigia. Hakuwa amepiga fidla tangu afike, kuta za chumba ni nyembamba na jirani analala mapema. Nikamwambia kuhusu watoto na lango. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kama yule mdogo bado anashika upinde kama mwiko wa ugali.

Tumekubaliana hivi. Yeye ana mapumziko Jumamosi moja kati ya mbili. Mimi sijui fidla, lakini nina funguo za lango na simu yenye skrini iliyopasuka kidogo. Simu inaegemezwa kwenye ndoo, chini ya kamba ya nguo. Yeye anatazama vidole kutoka huko, mimi ninasogeza simu anapotaka kuona. Mathe anachangia bando. Yule mama wa sukuma alisikia, nadhani kwa sababu mji ni mdogo, akamtuma mtoto wake wa tatu, yule aliyelazwa, awe wa nane. Hana fidla. Anasubiri zamu.

Si shule. Sauti inachelewa, kwa hivyo hawezi kupiga pamoja nao. Anasikiliza, kisha wao wanasikiliza. Jumamosi iliyopita walikuja watano. Bando liliisha katikati ya Kothbiro, uso wake ukaganda kwenye skrini mdomo ukiwa wazi, na watoto wakacheka sana. Halafu wakaendelea bila yeye mpaka mwisho, vibaya, na yule mdogo akaniuliza kama atarudi saa ngapi.

Safari hii nilimwambia, "Baada ya wiki mbili, saa tatu."